Majani ya Nyanya Tamu

Nuh Salat alikuwa amevuka miaka hamsini, na kwa msimu wa pili mfululizo alikuwa akipima utamu wa nyanya asizoruhusiwa kuzila. Kila asubuhi alifungua lango la wavu la kitalu cha majaribio kando ya mto Tana, akavua viatu vyake, akavaa buti zisizotoka humo ndani, kisha akachuma matunda yaliyoiva na kuyapanga juu ya meza iliyowekwa chini ya turubai. Kila tunda alilipima uzito, akalikata, akakamulia tone moja la maji yake kwenye kioo cha kifaa kidogo mfano wa darubini, akakielekeza kwenye mwanga na kusoma kiwango cha sukari. Baada ya hapo tunda lile, hata liwe zuri namna gani, lilitupwa katika pipa, na lililokuwa pipani liliishia shimoni, likachomwa na kufukiwa. Kuonja kulikuwa marufuku. Mbegu moja iliyomezwa ingeweza kutoka na mtu nje ya uzio, nao wakubwa wake walikuwa wameahidi kwamba hakuna mbegu itakayotoka.

Mkewe Nasteha alimtania kwa hilo. "Wewe ni kama mpishi wa Ramadhani ambaye magharibi haimfikii," alimwambia. "Unanusa tu."

Nuh alicheka, ingawa maneno yale yalimgusa kuliko alivyotaka kukiri. Aliiheshimu kazi ile. Kwa vizazi vingi wakulima walikuwa wamechagua mbegu za nyanya kubwa, kwa sababu soko hupenda ukubwa, na kadiri tunda lilivyonenepa ndivyo utamu wake ulivyoyeyuka, hata zile zilizopakiwa Garissa kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Ifo na Nairobi zikawa nzuri kwa macho na maji matupu mdomoni. Ndipo wataalamu wa nchi za mbali walipogundua kwamba ndani ya mmea mna jeni mbili zinazofanya kazi kama breki: huuzuia mmea usiweke sukari nyingi katika tunda. Wakazihariri jeni hizo, wakazilegeza breki bila kupachika kitu kutoka kiumbe kingine, na tunda likawa tamu bila kupungua ukubwa. Hayo yalithibitika huko kwao. Kilichobaki ni kuona kama utamu ule ungestahimili jua la Garissa na udongo wake wenye chumvichumvi, na aliyepewa kuliangalia hilo alikuwa Nuh.

Kwa mtu aliyetoka alikotoka Nuh, hilo halikuwa jambo dogo. Alizaliwa malishoni, upande wa Takaba, mtoto wa pili wa mtu wa ngamia. Ukame ulipowapunguzia mifugo, maziwa hayakutosha watoto wote, na baba akaamua kwamba mmoja apelekwe shule ili ale huko. Kaka yake Gelle alikuwa mkubwa na mwenye nguvu, alihitajika. Nuh alikuwa mwembamba, mwenye kuuliza maswali. Hivyo ndivyo alivyokuwa msomi, na hata alipovaa joho la chuo kikuu hakuweza kujisadikisha kwamba alichaguliwa kwa sababu ya akili. Alichaguliwa kwa sababu angeweza kukosekana.

Tena kilimo. Kwa watu wao, mkulima ni mtu wa kuhurumiwa, aliyefungwa mguu na mche. Gelle alipokuja mjini kuuza madume hakuacha kumchokoza. "Ulisomea nyanya miaka minne," alisema akinywa chai sebuleni kwa Nasteha. "Sisi ngamia hatukusomea hata siku moja, na bado wanatujua kwa majina."

"Nyanya haikupigi teke, aboowe," Nuh alimjibu, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Haikupi maziwa pia."

Walicheka wote, na Nasteha akaongeza maziwa katika kikombe cha shemeji yake kana kwamba anamtetea mumewe. Lakini Nuh alibaki na kiu ya siku moja tu, siku ambayo Gelle angehitaji kitu naye awe nacho.

Siku hiyo ilikuja kwa simu. Mvua za vuli zilikuwa zimekosekana, na zile za masika nazo zikapita kama mgeni asiyeshuka garini. Gelle alikuwa ameiacha familia na ngamia upande wa Takaba, akashuka na mbuzi, ambao ndio waliokuwa chakula na karo na kila kitu cha nyumba ile, hadi kusini ya Wajir, karibu na Habaswein.

"Nuh, uko mjini?"

"Niko shambani, aboowe."

"Huku kumekwisha. Kuna wanaoelekea Merti; wanasema vichaka bado vina kitu. Mimi nafikiria Tana. Nitazamie."

Neno hilo, nitazamie, kwa wafugaji lina uzito wake. Kabla ya kuhamisha mifugo wao humtuma mtu awatangulie, naye huitwa sahan. Hutembea hadi kwenye malisho, akashika jani, akanywa maji, akaangalia nyayo ili ajue ni nani aliyetangulia. Kisha hurudi na kusema alichokiona. Hasemi anachotumaini. Akishasema, hakuna anayemuuliza mara ya pili, kwa kuwa watoto na wanyama watahamishwa juu ya ulimi wake. Marehemu baba yao alikuwa sahan wa kuaminika, na watu wa koo nyingine waliwahi kumwazima.

Nuh aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa na kisu mkono mmoja na nusu ya nyanya mkono wa pili, na simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Njoo," alisema. "Mto una maji. Na mashamba yamevunwa. Majani ya nyanya na mahindi ni mengi."

"Umeyaona?"

"Kila mwaka baada ya mavuno yapo. Wakulima wenyewe huwaita wafugaji waingize mifugo, wapate samadi."

"Sikukuuliza habari ya kila mwaka."

"Yapo, aboowe. Njoo."

Gelle akasema, "Basi. Umesema." Akakata simu.

Baadaye Nuh aliirudia sauti yake mwenyewe kichwani mara nyingi, akitafuta ndani yake uongo, asiupate. Hakudanganya. Alizungumza kama alivyofundishwa kuzungumza. Chuo kilimfunza kusema yale ambayo kwa kawaida huwa, kwa wastani, katika misimu mingi; na ripoti zake zote za kazini ziliandikwa kwa lugha hiyo, na zilisifiwa. Lakini mbuzi hali majani ya wastani. Angepanda bodaboda alasiri ile ile, angeyazunguka mashamba yote na kurudi kabla ya swala ya magharibi. Hakwenda kwa sababu alidhani anajua.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo halikumjia hata alipokuwa akisema "yapo." Wiki chache kabla, yeye mwenyewe alikuwa amewazungukia majirani wa kitalu kile akiwaomba wang'oe mabaki ya nyanya zao na kuyachoma, ili chavua isivuke uzio. Walikubali kwa ajili yake. Ni mtu wao. Mashamba ya karibu yalikuwa meusi kwa majivu. Mashamba ya mbali yalikuwa yamekwisha kuliwa na mifugo ya watu waliowahi, ambao masahan wao walikuwa wamefika kwa miguu.

Gelle aliwasili kukiwa na mwanga bado. Nuh aliwasikia mbuzi kabla ya kuwaona, kengele moja na kwato zilizoburutwa, bila mlio mwingine wowote. Na mtoto wa mfugaji hujua kwamba mbuzi asiyelia safarini ni mbuzi aliyechoka mno. Walikuja kwa ile njia ya zamani ya mifugo ya kushukia mtoni, mbavu zao zikihesabika. Gelle alitembea nyuma, kikoi kimefungwa juu, bakora mabegani.

Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana hali, wakajibiana amani. Kisha Gelle akatazama majivu upande wa kulia, akatazama udongo mtupu upande wa kushoto, akatazama mbele yake, ndani ya wavu, ambako nyanya za Nuh zilisimama safu kwa safu, mbichi, nene, zikinyweshwa kwa matone.

"Ni yale?" aliuliza.

"Hapana, aboowe. Yale hayaguswi."

Nuh alipitisha bomba la mpira chini ya wavu, akawasha pampu, akajaza mabirika ya kunyweshea. Mbuzi walikunywa. Walipomaliza hawakuondoka, waligeuza vichwa vyao vyote upande mmoja, kwenye ule ubichi, wakasimama hivyo. Nuh akapiga simu kwa mfanyabiashara wa nyasi kavu. Akaambiwa lori liko njiani kutoka bara, litafika kesho. Akamwambia kaka yake, "Nyasi zinakuja kesho," na maneno yalipokuwa yanamtoka akatambua kwamba kwa mara ya pili anakisemea kitu ambacho hajakiona.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchoma. Nusu ya kitalu ilikuwa imemaliza kuzaa, na kwa mujibu wa masharti mashina yake yote yalipaswa kung'olewa, kuchomwa na kufukiwa mbele ya mkaguzi. Mkaguzi huyo, Mohamedamin, alikuwa kijana wa papo hapo Garissa, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi. Nuh alimvuta kando.

"Tuahirishe kidogo," alimwambia.

"Mzee Nuh, unajua siwezi. Tarehe ilipangwa na ofisi."

"Tukitenganisha matunda? Majani hayana mbegu. Nitayachambua mwenyewe, shina moja moja."

Mohamedamin alitazama rundo, akatazama mbuzi. "Na lile tunda bichi litakalokuponyoka? Mbuzi akilimeza, akaenda kujisaidia huko mbele, nitaandika nini?"

Nuh akampigia daktari wa Nairobi aliyesimamia utafiti. Daktari alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. "Pole sana, Bwana Nuh," alisema. "Lakini tukiruhusu mbuzi mmoja, jaribio limevunjika, na hatutapewa tena. Si sisi tu. Ni Garissa nzima." Alisema kweli. Hilo ndilo lililomlemea Nuh, kwamba katika watu wote aliozungumza nao siku ile hakuna aliyesema jambo la uongo. Kulikuwa na wakulima waliomwamini, waliosubiri mbegu ambayo ingewapa bei hata kwa tunda lililoungua na jua upande mmoja. Kulikuwa na miaka ya kuomba kibali. Na kulikuwa na lori njiani. Aliyapanga hayo mezani kama anavyopanga matunda, akayapima, na kila alipopima mizani ililala upande ule ule, wa kuchoma. Akachukua kiberiti.

Gelle alikuwa amekuja kusimama kwenye wavu.

"Majani hayo yana sumu?" aliuliza.

"Hapana. Si zaidi ya ya nyanya nyingine."

"Yana ugonjwa?"

"Hapana."

"Ni ya mtu mwingine? Mtu niende nikamwombe?"

"Aboowe, ni masharti."

Gelle alimgeukia Mohamedamin. "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Mohamedamin akataja jina la baba yake, na la babu yake, na la baba wa babu, kama ipasavyo.

"Huyo wa mwisho nilimsikia," Gelle alisema. "Alikuwa na mbuzi."

Kijana akainamisha macho akajifanya anakagua shimo. Nuh alimwaga mafuta ya taa, kwa kuwa majani yalikuwa mabichi mno kuwaka yenyewe, na moshi mzito mweupe ukapanda, ukainama, ukatambaa hadi kwenye wavu. Ulikuwa na harufu ya mboga inayopikwa. Mbuzi, badala ya kukimbia moto kama mnyama yeyote, walisogea karibu. Walibana nyuso zao kwenye matundu ya wavu na kutoa ndimi. Gelle akawaondoa mmoja mmoja kwa kiganja, bila bakora, akiwasemesha taratibu, na hakugeuka kumtazama ndugu yake.

Lori lilikuwa limeharibika kabla ya Mwingi. Lilipofika, siku ya tatu, Nuh alipakua marobota yeye mwenyewe, akayafungua, akatandaza nyasi mbele ya midomo. Wengine walikula. Wengi walikuwa wamekwisha kulala ule ulalo ambao mbuzi haamki tena, na nyasi zikabaki zimewagusa pua. Waliowahiwa na kisu walichinjwa, lakini ilikuwa nyama ya ngozi na mfupa. Hata wachuuzi wa mjini hawakuiulizia. Wiki haikuisha kabla kundi halijabaki majike machache ambayo Nasteha aliyafunga uani na kuyalisha maganda ya jikoni.

Nuh alisubiri kulaumiwa. Usiku hakulala akiandaa majibu, na mengine yalikuwa majibu mazuri. Hayakuhitajika. Gelle alihamia katika chumba cha wageni, akasali kwa wakati, akala kidogo alichopewa na kumshukuru aliyempikia. Hakutania tena. Nasteha ndiye aliyeligundua hilo mwanzo.

"Afadhali angekutukana," alimwambia mumewe walipokuwa peke yao. "Anakunyenyekea. Kama mtu aliyelala kwa watu."

Siku zikapita, hadi daktari alipopiga simu kutoka Nairobi. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo aliipunguza kwa adabu. Hesabu zimekamilika, alisema. Utamu umeshikilia, hata katika joto la miezi mibaya, na ukubwa haukupungua hata kidogo ukilinganishwa na nyanya za kawaida. Mbegu ni chache na nyepesi, lakini zinaota. Kazi yake imekuwa safi, mkaguzi ameisifu. Nuh alisema ahsante, akasema tena ahsante, akabaki ameishika simu iliyokwisha kunyamaza.

Gelle alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu yake. "Wamesema nini?"

"Kwamba nyanya ni tamu."

Nuh alingoja. Kwa miaka yote ile alikuwa akiiota sentensi hiyo, na kaka yake akiwa msikilizaji.

"Alhamdulillah," Gelle alisema, na hapakuwa na kejeli hata chembe. "Itawafaa watoto." Kisha akauliza kama adhana imekwisha kutolewa.

Walibaki ngamia kule Takaba, pamoja na mke wa Gelle, Raho, na watoto. Raho alikuwa anapiga simu kila jioni, akitaka kujua kama washuke kusini au wakae, kwa kuwa huko juu nako visima vilikuwa vimeanza kutoa matope. Nuh aliyasikia mazungumzo hayo kupitia ukuta. Asubuhi moja, bila kumwambia yeyote nyumbani, alimwomba ruhusa daktari, akapanda gari la Bura, akashuka njiani na kuingia porini kwa miguu. Alitembea kutwa. Alivunja matawi akayatafuna. Aliteremka hadi mtoni akanywa kwa kiganja, akachunguza nyayo ukingoni, akawauliza watu aliowakuta wamekaa pale tangu lini. Alikuta vichaka vyenye majani, haba lakini vya kutosha ngamia wachache kwa mwezi mmoja, zaidi kidogo ikiwa hawatakuja wengine. Jua lilimchoma shingo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto alihisi kitu kinachofanana na wepesi.

Alirudi nyumbani jioni ya pili, akaketi mbele ya kaka yake, akaomba maji kwanza, akanywa. Kisha akasema alichokiona. Hakuongeza. Alitaja miti, akataja maji, akataja nyayo za nani, na alipofika mahali asipopafika akasema, "Hapo sikufika."

Gelle alimsikiliza mpaka akamaliza. "Umejisumbua," alisema. "Umetembea jua lote hili. Allah akulipe." Akamsogezea sahani ya tende, kama anavyosogezewa mgeni.

Nuh aliinuka kwenda kunawa. Alipokuwa anarudi, simu ya Gelle ikalia. Alikuwa Raho, na sauti yake ilisikika mpaka mlangoni: ngamia wamedhoofu, majirani wanaondoka kesho, je, wao waje?

"Subirini kidogo," Gelle alimjibu kwa upole. "Bado sijapata mtu wa kumtuma."

Nuh alikuwa amesimama kizingitini, mikono inachuruzika maji, na vumbi la Bura lilikuwa bado miguuni mwake.